Steringi Hafi



Wapenzi wasikilizaji, leo ni Dominika ya kwanza ya Kwaresima. Kila mwaka katika siku hii Mama Kanisa hutusomea habari ya Bwana wetu kujaribiwa jangwani. Katika majaribu yale matatu, leo tulitazame moja tu, lile la kinara cha hekalu. Mjaribu alimsimamisha Yesu mahali pa juu, akamtaka ajitupe chini, kwa hoja kwamba malaika wangemdaka kabla mguu wake haujagonga jiwe. Bwana alikataa. Uwezo alikuwa nao, wala hakuuonyesha.

Huenda baadhi yenu mtashangaa tukisema kwamba Injili hiyo inatupeleka mpaka mlangoni pa kibanda cha video. Lakini huko ndiko waliko watoto wetu. Katika Kibaha, tangu Maili Moja na Picha ya Ndege mpaka Mlandizi, na katika Kisarawe, tangu mjini mpaka Masaki na Maneromango, watoto na vijana wanawafahamu vizuri sana mashujaa wa sinema: mtu arukaye angani bila mabawa, mtu atambaaye ukutani kama buibui, mtu aliyevaa chuma mwili mzima, na wengine watokao katika nyota za mbali. Baadhi ya wazazi wametuuliza kama picha hizo ni dhambi. Baadhi ya makatekista wamelalamika kwamba mtoto huwataja mashujaa kumi wa sinema bila kukosea, lakini Mitume kumi na wawili humshinda. Basi tumeona vema tutoe maoni yetu, tukijua kwamba kila mzazi atayapima kwa busara yake.

Tuanze na kibanda chenyewe. Wengi wenu mnakifahamu: mabati au turubai, mabenchi ya mbao, ada ndogo mlangoni, na nje ubao wenye majina ya picha za siku hiyo. Kwa kuwa picha nyingi huja kwa lugha za kigeni, walizuka watu wenye kipaji cha kuzisimulia kwa Kiswahili. Mmoja wa waliovuma zaidi ni Derek Mukandala, ambaye watazamaji walimjua kwa jina la Lufufu. Kwa msaada wa watafsiri kama hao, hata mtoto asiyejua neno moja la Kiingereza hutoka akijua nani ni adui na nani ni steringi. Steringi ndiye mhusika mkuu, shujaa wa picha. Na juu yake vijana wana kanuni isiyovunjwa: steringi hafi. Risasi zitamiminika, nyumba itaporomoka, gari litalipuka, naye atatoka akijikung'uta vumbi.

Wazee wetu hawakulelewa na picha hizi. Tanzania Bara ilikaa bila kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994, ingawa Zanzibar ilikuwa na chake tangu miaka ya 1970. Leo picha zile zile zimo katika simu ya mkononi, na mtoto huzitazama peke yake, pasipo mtafsiri wala mzazi. Kwa hiyo haitoshi kumkataza tu. Inatupasa tujue anatazama nini, na moyo wake unatafuta nini humo.

Shujaa wa kwanza mashuhuri wa namna hii, Superman, alitokea katika gazeti la katuni huko Marekani mwaka 1938. Waliombuni ni vijana wawili wa mji wa Cleveland, Jerry Siegel na Joe Shuster, watoto wa wahamiaji wa Kiyahudi. Wakati huo watu wengi Marekani walikuwa hawana kazi, na huko Ulaya Wayahudi walikuwa wakiteswa, na vita vilikuwa vikikaribia. Katika dhiki hiyo vijana wale walimbuni mtu atokaye mbinguni, ambaye risasi hazimwingii, na ambaye huwatetea wanyonge. Hatuoni kosa katika ndoto hiyo. Ni kilio cha mtu aliyeonewa anayetamani mwokozi.

Wala tusidhani kwamba kilio hicho ni cha wageni peke yao. Mwaka 1905 babu zetu walichoka na kazi za kulazimishwa, viboko na kodi za Wajerumani. Kinjikitile Ngwale, huko Ngarambe, aliwapa watu maji na kuwaambia kwamba risasi za adui zingegeuka kuwa maji. Vita vya Maji Maji vilienea kusini yote, na hapa Uzaramo pia moto wake uliwaka. Sote tunajua yaliyotokea. Risasi hazikugeuka. Vita hivyo, pamoja na njaa iliyovifuata, viliua watu wanaohesabiwa kwa makumi ya maelfu. Hatuwacheki wazee wale hata kidogo. Maji yale hayakuzuia risasi, lakini makabila mengi yasiyowahi kuwa na jeshi moja yalisimama pamoja kwa ajili ya nchi yao. Ushujaa wao ulikuwa wa kweli, kwa sababu walikuwa na miili iliyoweza kuumia.

Hapo ndipo lilipo tatizo letu na sinema nyingi za mashujaa. Kuruka angani si kitu. Hadithi za wazee wetu nazo zina sungura asemaye na jitu lenye vichwa saba. Tatizo ni kwamba shujaa wa sinema mara nyingi hushinda bila kulipa gharama yoyote. Mtu ambaye risasi haimwingii, anaposimama mbele ya bunduki, amefanya jambo gani la kishujaa? Mtoto akilishwa hadithi hizo peke yake hujifunza mambo mawili mabaya. La kwanza, kwamba wema ni kazi ya wenye nguvu za ajabu, naye hana, basi haimhusu. La pili, kwamba mtu mwema haumii. Siku atakapoumia kwa kutenda mema, atadhani Mungu amemwacha.

Tazameni wenyewe yaliyowapata watu waliovaa mavazi hayo. Katika filamu ya mwaka 1978, Christopher Reeve aliigiza kama Superman, akaizunguka dunia kwa kasi hata akarudisha nyuma wakati ili mwanamke aliyempenda asife. Mwaka 1995 Reeve huyo huyo alianguka kutoka juu ya farasi, akavunjika shingo. Tangu hapo hakuweza kutembea, na alihitaji mashine ili avute pumzi. Aliishi miaka 9 katika hali hiyo, mpaka alipofariki mwaka 2004. Miaka hiyo hakuitumia kujificha. Akiwa katika kiti cha magurudumu alisafiri, alizungumza, na kuhimiza fedha zipatikane kwa ajili ya utafiti wa majeraha ya uti wa mgongo, ili wengine wapate nafuu. Tunaonelea kwamba alikuwa shujaa zaidi kitini kuliko angani.

Mwingine ni Chadwick Boseman. Mwaka 2018 aliigiza kama mfalme wa Wakanda katika filamu ya Black Panther, ambamo dada yetu wa Kenya, Lupita Nyong'o, naye alishiriki. Filamu hiyo iliwafurahisha Waafrika wengi, kwa kuwa iliwaonyesha watu weusi wakiwa na maarifa, mali na heshima yao. Katika hadithi, vazi la mfalme huyo halipenyeki kwa risasi. Lakini ndani ya vazi mlikuwa na mtu mwenye saratani ya utumbo mkubwa, iliyogunduliwa mwaka 2016. Aliendelea na kazi huku akitibiwa, bila kuutangazia ulimwengu. Katika wakati huo huo aliwatia moyo watoto wenye saratani. Alifariki Agosti 2020, akiwa na umri wa miaka 43. Filamu ya pili ilipotoka mwaka 2022 hawakumtafuta mwingine wa kuchukua nafasi yake. Ilianza na kifo na mazishi ya mfalme. Kanuni ya vibandani ilivunjika mbele ya ulimwengu mzima. Steringi alikufa.

Wapenzi wasikilizaji, msidhani tunazilaumu hadithi zote za mambo yajayo. Iko moja iliyotengenezwa na Mkenya, Wanuri Kahiu, mwaka 2009, ambayo tungependa makatekista wote waione. Ni fupi, haifiki nusu saa, na jina lake ni neno letu la Kiswahili: Pumzi. Inasimulia juu ya Afrika Mashariki ya siku zijazo, baada ya vita vikubwa vya kugombania maji. Ardhi imekufa. Watu wanaishi wamejifungia ndani, na hata jasho lao husafishwa ili walinywe tena. Mwanamke mmoja, Asha, anapata udongo wenye uhai, anapanda mbegu, nayo inachipua. Wakubwa wanamkataza kutoka. Anatoroka, anatembea jangwani, anakipanda kichipukizi kile mchangani, anakimwagia maji yake ya mwisho hata na jasho lake, kisha anajilaza akikitilia kivuli kwa mwili wake. Asha haruki. Ana chupa moja ya maji, naye haiweki kwa ajili yake mwenyewe. Yeyote aliyesoma Injili ya chembe ya ngano ifiayo ardhini ataitambua hadithi hii.

Na kwetu hadithi hii si ya mbali. Maji ya mto Ruvu husafishwa hapa Mlandizi, katika mtambo wa Ruvu Juu, na kuwanywesha watu wengi wa Kibaha na Dar es Salaam. Mwishoni mwa mwaka 2021 mto ulipungua, maji yakagawiwa kwa zamu, nasi tuliona foleni za ndoo na madumu. Huko Kisarawe misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, ambayo ni ya zamani mno, imekatwa mwaka hata mwaka kwa ajili ya mkaa. Hakuna mtu atakayeshuka kutoka nyota ya mbali aje kuipanda upya. Aliye na jembe ni wewe, na aliye na mche ni jirani yako.

Au fikirini hospitali yetu ya Tumbi, iliyo kando ya barabara ya Morogoro. Ajali ikitokea, majeruhi hufikishwa hapo. Muuguzi wa zamu ya usiku hana vazi la chuma. Ana glovu, ana mikono miwili, na pengine ana mtoto mgonjwa aliyemwacha nyumbani. Damu anayomtundikia majeruhi haikutengenezwa kiwandani; imetoka katika mkono wa mtu fulani aliyekubali kuchomwa sindano kwa ajili ya mtu asiyemjua. Mwanamume mwenye afya njema aweza kutoa damu kila baada ya miezi 3, na mwanamke kila baada ya miezi 4. Katika Kwaresima hii tunawaomba vijana wa parokia na vigango wenye umri na afya inayoruhusu waende wakatoe. Watatoka na pamba mkononi, na mtu mwingine ataamka kesho.

Sasa tunasema na ninyi wazazi na makatekista. Msiipige teke televisheni, wala msimnyang'anye mtoto simu kwa hasira kisha mkanyamaza. Keti naye, mtazame pamoja, hata kama ni mara moja kwa juma. Picha ikiisha, muulize swali moja: mwanangu, shujaa huyu alipoteza nini kwa ajili ya wengine? Mwache afikiri. Akijibu kwamba hakupoteza kitu, mwambie kwamba hiyo ni michezo, tucheke nayo, tukalale. Akijibu kwamba alitoa maji yake, au afya yake, au uhai wake, basi mlango umefunguka. Hapo mtajie bibi yake aliyewalea yatima kwa kuuza maandazi. Mtajie fundi aliyekataa kutia mchanga mwingi na saruji kidogo katika darasa la shule, akakosa kazi. Naye atauliza swali la kwake, kwamba mbona hawa hawapo katika sinema. Swali hilo litakuwa mwanzo mzuri wa katekesi.

Kisha mrudisheni kwenye kinara cha hekalu. Yule aliyekataa kujitupa ili adakwe na malaika, siku moja alitundikwa juu ya mti. Wapita njia walimdhihaki, wakimtaka ashuke kama kweli ni Mwana wa Mungu. Lilikuwa jaribu lile lile la jangwani, limerudi kwa sauti za watu. Kama angeshuka, wangepiga makofi, wakaenda makwao kama watokavyo kibandani, na hakuna ambaye angeokoka. Alibaki. Alikufa kweli, na alipofufuka aliwaonyesha rafiki zake mikono yenye alama za misumari. Makovu hayakufutika. Hatumwabudu shujaa asiyejeruhiwa, ndugu zangu, na mtoto aliyefundishwa hivyo hatamkimbia Kristo siku atakapoumia.

Bwana atujalie Kwaresima njema, atupe moyo wa kutoa tulicho nacho bila kungoja nguvu tusizo nazo, na awalinde watoto wetu wa Kibaha, wa Kisarawe na wa nchi yetu yote. Kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Amina.