Gari Halivuti

Msikilizaji, ukitoka Korogwe kwenda Handeni ni kilomita 65, na barabara inapanda. Unaondoka kwenye bonde la Mto Pangani, kwenye joto la mashamba ya mkonge, unaibukia Chanika, ndiyo Handeni mjini, kwenye nchi ya mahindi. Msimu wa mavuno Fuso zinashuka na magunia, mengine ya lumbesa, halafu zinarudi juu na saruji na mabati. Katika kupanda huko ndipo dereva anapotamka maneno mawili ambayo kila gereji ya mkoa wa Tanga inayafahamu: gari halivuti.

Dawa anaipata hata kabla hajazima injini. "Ongeza mafuta kwenye pampu." Fundi anakata waya wa sili, anafungua upande wa gavana, kazi inaanza.

Naomba tuingie naye humo ndani. Kwenye pampu ya kujipanga, ile ya plenja sita zilizosimama mstari mmoja, kuna ufito wa chuma unaoitwa reki. Reki ikisogea inazungusha plenja, na plenja zinasukuma mafuta mengi zaidi kwenda kwenye nozo. Kiwandani wameiwekea mpaka. Pampu nyingi mpaka huo ni skrubu. Nyingine ni pleti ndogo yenye ukingo uliochongwa kwa vipimo, kama kwenye Bosch P7100 iliyofungwa kwenye injini za Cummins za pikapu za Dodge kati ya 1994 na 1998. Wamarekani wanaopenda mashindano huisogeza pleti hiyo, huinoa kwa tupa au huing'oa kabisa, na gari hupata nguvu kweli. Linapata kwa kuwa injini ile ina tabo inayoishindilia hewa.

Fuso zetu nyingi hazina tabo. Chukua injini ya 6D16, silinda sita, lita saba na nusu. Silinda moja ikivuta pumzi inapata hewa ya lita moja na robo, na uzito wa hewa hiyo haufiki gramu moja na nusu. Gramu moja ya dizeli inahitaji gramu 14 na nusu za hewa ili iungue yote. Gawanya mwenyewe. Kinachoweza kuungua kwa mpigo mmoja ni dizeli ya kama moja ya kumi ya gramu, sawasawa na matone mawili au matatu ya maji. Kwa mizunguko 2,000 kwa dakika, kila silinda inapewa matone hayo mara 1,000 kila dakika. Ukipiga tupa pleti au ukilegeza skrubu ukaongeza tone moja, hewa ya kuliunguza haipo. Linatoka kwenye ekzosi likiwa moshi mweusi, na ulilinunua kwa bei ileile ambayo EWURA huitangaza kila Jumatano ya kwanza ya mwezi.

Lisilotoka linabaki na kufanya kazi mbaya zaidi. Moto unachelewa kuzimika, joto linapanda, dizeli inaosha ukuta wa silinda na kuteremka kwenye oili. Pistoni ni ya alumini, na alumini safi huyeyuka kwenye nyuzi 660. Dereva anafurahia mlima kwa wiki mbili tatu. Halafu siku moja, katikati ya pori, injini inanoki na mzigo wa watu juu yake.

Mwaka jana nilisimama kwenye gereji moja Korogwe, Fuso ikaletwa kwa ombi hilohilo. Fundi alikuwa mtu mzima. Dereva akamwambia, "Shikamoo mzee, naomba uniongezee mafuta, gari halivuti." Mzee akaitikia marahaba, akasema, "Kwanza nitolee chujio la hewa, mwanangu." Akaligonga kwenye sakafu ya saruji. Vumbi jekundu lililomwagika lingejaza kikombe cha chai. Akaliinua juani, tukachungulia wote: hakuna hata uzi wa mwanga uliopita.

Barabara kuu ina lami, ndiyo, lakini mahindi hayalali kando ya lami. Yanafuatwa vijijini, na vumbi la huko ndilo linaloziba pua ya injini. Injini inakosa pumzi, sisi tunaishindilia chakula.

Kisha mzee akafungua nozo, moja moja akazifunga kwenye pampu ya mkono na kukandamiza. Nne zilipuliza ukungu mwembamba kama pumzi ya asubuhi ya baridi. Mbili zilidondosha. Nilitazama tone likining'inia kwenye ncha, likanenepa, likaanguka. Pampu hakuigusa. Nilimheshimu sana mtu yule, maana kukata sili kungemchukua nusu saa na pesa angelipwa papo hapo.

Ninalisema hili kwa uchungu kwa sababu ya vijana wanaouza machungwa barabarani pale Segera na Michungwani. Lori likiongeza mwendo kuondoka, wingu lile linawafunika wao na ndoo zao. Juni 2012 taasisi ya saratani ya Shirika la Afya Duniani iliutaja moshi wa dizeli kuwa unasababisha saratani kwa binadamu. Kijana yule anauvuta tangu asubuhi mpaka jua linazama, na hakuna anayemlipa.

Mwenye gari, kama ni lazima pampu iguswe, ipeleke kwenye mashine ya kupimia. Simama hapo uone mirija sita ya kioo ikijaa, na uone kama imelingana. Fundi anayepima kwa sikio na rangi ya moshi, mnyime spana.

Yule dereva wa Korogwe alifunga chujio jipya na nozo mbili, akapakia saruji yake akaondoka. Jioni alimpigia mzee simu kutoka Handeni. Alisema amepanda gia moja juu ya aliyoizoea, na kila alipotazama kioo cha pembeni aliona barabara.