Dawa Ikikosekana Zahanati, Tusiondoke Kimya

(Maneno ya Ofisa Habari wa Halmashauri katika mkutano wa hadhara wa kata)



Mama yangu anatumia dawa za shinikizo la damu. Mwaka uliopita alifika zahanati, akaambiwa zimekwisha. Alishukuru, akarudi nyumbani, akakaa bila dawa wiki tatu hadi kizunguzungu kilipomwangusha shambani. Nilipomuuliza kwa nini hakusema, alinijibu, "Mwanangu, ningemwambia nani?" Nimekuja kulijibu swali hilo mbele yenu.

Kwanza, mwambieni mganga mfawidhi. Zahanati huagiza dawa kutoka Bohari ya Dawa kwa kuangalia leja: kiasi kilichotumika, kilichobaki, na siku ambazo dawa ilikosekana. Mgonjwa anayeondoka bila kuandikwa hahesabiki, na oda inayofuata yaweza kuwa ndogo kuliko mahitaji. Ukiambiwa dawa hakuna, omba hitaji lako liandikwe, kisha uliza utaipata wapi na lini.

Pili, Bohari ikikosa dawa, njia haijafungwa. Upo mfumo wa Mshitiri, ulioanzia Dodoma mwaka 2014 na kuenea mikoa yote ya Tanzania Bara mwaka 2018. Mshitiri ni msambazaji binafsi aliyepatikana kwa zabuni, naye huuza kwa bei za mkataba dawa zilizokosekana Bohari. Zahanati humlipa kwa fedha zake, yakiwemo malipo ya bima na ya papo kwa papo. Kwa hiyo mchango wako wa bima ni dawa ya kesho.

Tatu, kila zahanati ina kamati ya usimamizi yenye wajumbe kutoka miongoni mwenu. Wajumbe hao hushuhudia dawa zikipokelewa na kulinganishwa na hati zake. Katika mkutano mkuu wa kijiji waulizeni: kimepokelewa nini, kimekosekana nini, na hatua gani imechukuliwa? Msiporidhika, mwoneni Mtendaji wa Kata au Mganga Mkuu wa Wilaya.

Sisemi twende kuwagombeza wauguzi. Wao nao huumia kumrudisha mgonjwa mikono mitupu. Tuulize kwa adabu, lakini tuulize.

Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humuumbua. Upungufu wa dawa nao ukifichwa, huwaumbua wengi.