Mwendo wa Miguu: Faida Isiyouzwa Dukani



Kwa kawaida tunazungumza nanyi juu ya vitu vinunuliwavyo: mizani, bei, risiti na tarehe za kumalizika muda. Leo tunazungumzia kitu kisichouzwa katika duka lolote, nacho ni kutembea kwa miguu. Maradhi ya sukari na shinikizo la damu yameingia katika nyumba nyingi za Unguja, na gharama ya dawa zake huangukia mfuko wa mtumiaji huyuhuyu tunayemhudumia.

Wazee wetu hawakuhitaji kuhimizwa. Mji Mkongwe ulijengwa kwa kipimo cha mwenda kwa miguu. Kuta ndefu hutia kivuli njiani, mabaraza ya mawe humpumzisha aliyechoka, na kila kona ina duka, msikiti au jamaa wa kuamkiwa. Mji huo, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, una ukubwa wa hekta 96 tu. Atokaye soko la Darajani hufika Forodhani kwa dakika 10 hadi 15. Funzo lake ni hili: mtu hutembea pale njia inapomkaribisha na safari inapokuwa na sababu. Nia peke yake huchoka mapema.

Nje ya Mji Mkongwe, njia haikaribishi hivyo. Barabara ni pana, jua ni kali, na mkaazi wa Bububu hawezi kwenda kazini mjini kwa miguu kila siku. Lakini anaweza kuteremka katika daladala kituo kimoja kabla ya mwisho wa safari yake. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa wastani, yaani ule unaoharakisha pumzi bila ya kumzuia mtu kuzungumza. Mwongozo wake wa mwaka 2020 hautaki tena kila mwendo ufike dakika 10 ndipo uhesabiwe. Haba na haba hujaza kibaba.

Tahadharini na wanaouza hofu. Hatua 10,000 kwa siku, zinazotajwa katika saa na simu nyingi, zilipata umaarufu Japani mwaka 1965 kwa jina la kifaa cha kuhesabia hatua kilichokuwa kikiuzwa. Hiyo haikuwa amri ya daktari. Kifaa kinaweza kumsaidia aliyejiwekea lengo, lakini asiyekuwa nacho hajapungukiwa na kitu.

Kwa hivyo tunashauri mambo manne.

Kwanza, fungamanisheni mwendo na shughuli iliyopo: kwenda sokoni, msikitini, au kumpeleka mtoto skuli.

Pili, tafuteni wenzenu. Vikundi vya mazoezi vinavyojitokeza kila tarehe 1 Januari vinaonesha kwamba miadi na mwenzako ni vigumu zaidi kuivunja kuliko miadi na nafsi yako.

Tatu, chagueni wakati wa baridi: baada ya alfajiri, au alasiri jua likishapunga.

Nne, mkiwa na fedha ya kutumia, nunueni viatu kabla ya kifaa. Vijaribuni jioni, mguu unapokuwa umetanuka kidogo, na vaeni vyote viwili kabla ya kulipa. Mwenye sukari asitembee pekupeku, na akague nyayo zake kila siku. Anayeumwa na kifua anapotembea amuone daktari kwanza.

Mwisho, njia ni ya wote. Mfanyabiashara anayetandaza bidhaa hadi katikati ya kichochoro, na mpanda vespa anayepita kwa kasi mlangoni mwa watu, humrudisha ndani bibi aliyekuwa akitoka kunyoosha miguu. Akisharudi ndani mara tatu, ya nne hatoki. Tusiwahimize wazee wetu watembee huku tukiwafungia njia. Tuwape nafasi, tuwaachie baraza wapumzike, na tutembee pamoja nao.