Miguu Ileile



Mnazi ukigemwa alfajiri huwa mtamu. Jua likipanda unachachuka wenyewe, bila hamira wala sukari, na ikifika jioni ni pombe kamili. Kwetu Gede kilevi hakikuletwa na lori. Kimo juu ya mti nyuma ya nyumba, kimo kwenye kadzama, ule mnazi wanaopewa wazee, kwenye mahari na kwenye matanga. Ndiyo maana mtu anaweza kuzama miaka kumi na majirani wasishtuke. Watasema tu fulani ana mawazo, au amerogwa.

Mimi nilikuwa fulani huyo. Nilikuwa mangwe, kilabuni kwa mnazi, tangu asubuhi, kwa sababu nikibaki kitandani moyo ulikuwa mzito kama gunia la chumvi lililolowa. Nikitoka, nilijitukana njia nzima hadi nyumbani, na matusi yale ndiyo yaliyonirudisha mangwe kesho yake. Hilo nilikuja kulielewa baadaye sana, kupitia maisha ya mtu ambaye sikuwahi kukutana naye.

Mtu huyo, mkimbiaji Henry Rono, alizaliwa Nandi mwaka 1952. Kati ya Aprili 8 na Juni 27, 1978, siku 81 tu, alivunja rekodi nne za dunia: mita 5,000, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mita 10,000, kisha mita 3,000. Olimpiki hakukimbia hata moja, maana Kenya ilisusia Montreal 1976 na Moscow 1980. Akiwa Marekani, pombe ikamshika.

Hapa nawaomba mtege sikio, kwa sababu watu hupenda kutuambia: kimbia tu, utapona. Mwaka 1981 Rono alifika Ulaya amenenepa na anakunywa. Akajikamua kwa mazoezi, na mwezi Septemba, kule Knarvik, Norway, akaivunja tena rekodi yake ya mita 5,000 kwa dakika 13 na sekunde 6.2. Hakukuwa na binadamu aliyewahi kukimbia masafa hayo kwa kasi ile, na bado alikuwa mlevi. Mimi naziona mbio zile kama fimbo: usiku anakunywa, mchana anajichapa. Miaka iliyofuata alilala kwenye makao ya wasio na nyumba, akaosha magari, akabeba mizigo uwanja wa ndege.

Aliinuka akiwa mtu mzima. Aliacha pombe, akafundisha na kunoa wakimbiaji mjini Albuquerque, akaandika kitabu cha maisha yake bila kuficha aibu, na alipopita miaka 50 akarudi barabarani na mwili mzito. Mwaka 2019 alirejea Kenya, na Februari 2024 akafariki akiwa na miaka 72. Miguu ilikuwa ileile. Kilichobadilika, naamini, ni jinsi alivyosema na mwenye miguu.

Nikitaja kujihurumia, wanaume wenzangu hukunja uso wakidhani ni kudeka. Lakini rafiki yako akianguka na baiskeli kwenye mchanga, humzomei. Unamshika mkono, unamfuta damu, unamuuliza kama anaweza kukanyaga. Basi jifanyie hivyo hivyo. Ukinywa Ijumaa baada ya wiki tatu za kujizuia, wiki zile tatu hazijafutika. Jumamosi vaa viatu.

Kuna hatari moja ambayo sitaipita juu juu. Aliyezoea kunywa sana kila siku asikate pombe ghafla akiwa peke yake. Anaweza kutetemeka, kuweweseka, kushikwa na kifafa, hata kufa. Mpelekeni hospitali asimamiwe na kupewa dawa. NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi, wana simu ya bure, 1192. Na anayezungumza habari za kujiua, asiachwe peke yake hata usiku mmoja. Mazoezi hupunguza sonona, madaktari wanakubaliana juu ya hilo, ila hayachukui nafasi ya daktari wala ya mtu wa kukusikiliza.

Watu wa Pwani tunasema mbio ni za watu wa bara. Mimi nilianza kwa kutembea. Kisha nikawa nakimbia kutoka mwembe mmoja hadi wa pili, natembea hadi wa tatu, jua likiwa limepoa. Siku nyingine nilishindwa hata kufika mwembe wa kwanza, nikajiambia kesho nitajaribu, nikarudi nyumbani bila kujitukana. Zilipita wiki kadhaa kabla usingizi haujarudi. Aliyeona kwanza ni mama. Alitazama sahani, akasema, "Leo umekula, mwanangu."

Leo saa kumi na moja na nusu jioni nitakuwa steji ya Gede, upande wa njia ya Watamu. Siendi mbio sana. Anayetaka kuja na aje alivyo, hata na ndala. Tutaanza kwa kutembea.