Mgeni wa Redioni

Wahenga walisema, chema chajiuza. Lakini kahawa njema iliyofichika Rubya, mtu wa Mwanza ataijuaje?

Siku hizi mwenye kusaga na kuuza kahawa aweza kualikwa katika redio, kama Kasibante FM ya Bukoba, au katika podikasti, yaani mazungumzo yaliyorekodiwa, ambayo watu huyasikiliza kwa simu.

Akialikwa, asijisifu, afundishe. Aseme: kahawa iliyosagwa itiwe katika kopo kavu, kifuniko kikazwe, isipoteze harufu. Msikilizaji atasema, "Huyu anaijua kazi yake."

Mwisho ataje jina la kahawa yake na mahali inapouzwa, polepole, mara mbili. Wala asiahidi lisilokuwamo katika pakiti. Uwongo uliosikiwa na wengi haufutiki.

Kwa herini.