Timazi Katika Bonde la Ufa

(Neno la asubuhi redioni. Somo: Amosi 1:1, 5:12, 7:7-8)

  

Msafiri atokaye Gilgil kwenda Nakuru hupita Kariandusi. Hapo ataona ardhi nyeupe kama unga, inayochimbwa na kutumiwa viwandandani kuchujia vinywaji na kufanyia kazi nyingine nyingi. Weupe huo ni masalia ya mimea midogo mno ya majini, isiyoonekana kwa macho, iliyokufa na kutulia chini ya ziwa kubwa la kale. Karibu na hapo yamo mashoka ya mawe ya watu wa zamani sana, ambayo msafara wa Louis Leakey uliyagundua mwishoni mwa miaka ya 1920.

Lakini leo ziwa halipo pale. Tope lake limebaki juu, na Ziwa Elmenteita liko chini bondeni. Mambo hayo yanatuonyesha kwamba nchi hii tunayoikanyaga imepanda na kushuka. Bonde la Ufa si bonde lililochimbwa na mto. Ni nchi iliyopasuka na kudidimia katikati ya kuta zake, na kazi hiyo haijakwisha.

Wazee wa Subukia, kama kilometa 50 kaskazini ya Kariandusi, walikuwa na habari ya kusimulia. Usiku wa tarehe 6 Januari 1928 nchi ilitetemeka kwa nguvu kubwa, kipimo cha 6.9. Ardhi ilipasuka kwa urefu wa kilometa 38 hivi, na mahali pengine upande mmoja ulishuka zaidi ya mita 2 kuliko wa pili. Hilo ni moja ya matetemeko makubwa kabisa yaliyoandikwa katika historia ya Kenya. Lakini waliolishuhudia wameondoka mmoja mmoja, nyasi zimeota juu ya ufa, na watu wamejenga. Leo ukimwuliza kijana wa Nakuru habari za 1928, huenda akakutazama tu.

Asubuhi ya leo nataka tumkumbuke mwalimu mmoja ambaye hakukubali mambo kama hayo yasahauliwe. Jina lake ni Nicholas Ambraseys. Alizaliwa Athene mwaka 1929, mwaka mmoja baada ya tetemeko la Subukia. Alisomea uhandisi kwao Ugiriki, kisha akaenda London katika chuo cha Imperial College, mahali alipokuwapo Alec Skempton, mwalimu mashuhuri wa elimu ya udongo. Mwaka 1958 Ambraseys alipata shahada ya udaktari kwa uchunguzi wake juu ya mabwawa ya udongo: yatasimamaje nchi ikitikisika? Alifundisha katika chuo hicho hata alipostaafu mwaka 1994, na hata baada ya kustaafu aliendelea kuchunguza na kuandika. Alifariki London mwezi Desemba 2012. Wanafunzi wake walitoka nchi nyingi, na wengi wao wakawa walimu wa wengine.

Mwalimu huyu hakukaa ofisini tu. Tetemeko lilipoua maelfu ya watu huko Buyin-Zara, Iran, mwaka 1962, alikwenda kuona. Mji wa Skopje ulipobomoka mwaka 1963, alikwenda. Alipita katika vifusi akiuliza: nyumba hii imeanguka kwa nini, na ile ya jirani imesimama kwa nini? Wote wawili walitikiswa usiku mmoja, lakini mmoja alizikwa na mwingine akatoka mzima. Tofauti ilikuwa katika ukuta, katika nguzo, katika mkono wa fundi.

Tena alikuwa msomaji wa kumbukumbu. Vyombo vya kupimia matetemeko vina umri wa miaka mia na kitu tu, na ufa mmoja unaweza kulala miaka mia kadhaa kabla ya kuamka. Kwa hiyo mhandisi anayetaka kujua jengo lake litapambana na nini, hawezi kutegemea vyombo peke yake. Ambraseys alitafuta katika magazeti ya zamani, barua za mabalozi, taarifa za maofisa na maandiko ya watawa, akakusanya habari za matetemeko ya karne nyingi. Hakuidharau Afrika. Pamoja na mwenzake Adams alichunguza upya matetemeko makubwa ya bara hili ya miaka 1900 hadi 1930, na mwaka 1991 alitoa uchunguzi wake juu ya tetemeko letu la Subukia. Mtu wa Athene aliyeishi London aliwakumbusha watu wa Nakuru habari za nchi yao wenyewe.

Sasa tumsikilize nabii Amosi. Kitabu chake kinaanza kwa kutaja tarehe, na tarehe yenyewe ni tetemeko la nchi: alitabiri miaka miwili kabla ya tetemeko lile la siku za mfalme Uzia. Watu hawakulisahau. Nabii Zekaria, aliyeishi zaidi ya miaka mia mbili baadaye, bado analitaja. Katika sura ya saba Amosi anamwona Bwana amesimama karibu na ukuta, na mkononi mwake ana timazi. Na katika sura ya tano anawakemea wale wanaopokea rushwa na kumpotosha maskini haki yake. Tetemeko, timazi, na rushwa: mambo matatu katika kitabu kimoja kidogo. Na mambo hayo matatu yalikutana pia katika kazi ya mwalimu Ambraseys.

La kwanza, tetemeko. Halina saa. Hakuna mtaalamu awezaye kutuambia siku wala saa. Anachoweza ni kukadiria: katika nchi hii, kwa miaka ya maisha ya jengo hili, mtikisiko wa nguvu fulani unaweza kutokea, basi jengo na liwe na nguvu kuupita, na akiba juu yake. Hii ndiyo maana ya jengo la kuaminika. Serikali yetu ililitambua jambo hili zamani, na mwaka 1973 Wizara ya Ujenzi ilitoa kanuni za kujenga majengo yatakayostahimili matetemeko. Kanuni ziliandikwa. Swali ni kama zinafuatwa.

La pili, timazi. Timazi ni kitu kidogo, uzi na kipande cha risasi au chuma. Lakini haina upendeleo. Haijui kama ukuta ni wa tajiri au wa maskini, wa kanisa au wa baa. Ukuta ukiwa umepinda, timazi itasema umepinda. Ndugu fundi unayenisikiliza, vile vyuma vyembamba vinavyozungushwa kuzifunga nondo za nguzo, hakuna mtu atakayeviona ukiisha kumwaga zege. Ukivipunguza nusu, ukuta utapigwa rangi, mgeni wa heshima atakata utepe, na watu watapiga makofi. Lakini Mungu ameona, na siku ya kutikiswa nguzo itasema kweli. Torati iliamuru kwamba mtu akijenga nyumba mpya aweke ukingo juu ya dari, mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Ni katika Kumbukumbu la Torati 22:8. Mbele za Mungu, kujenga vizuri ni sehemu ya kumpenda jirani.

La tatu, rushwa. Mwezi Januari 2011, Ambraseys akiwa mzee wa miaka karibu 82, yeye na mwenzake Roger Bilham waliandika makala katika jarida la Nature. Walizilinganisha nchi kwa umaskini wake na kwa rushwa yake. Wakaona kwamba katika miaka 30 iliyotangulia, asilimia 83 ya watu waliokufa kwa kuangukiwa na majengo wakati wa matetemeko walikufa katika nchi ambazo rushwa yake ilizidi kiasi ambacho umaskini wake ungetufanya tutazamie. Fikirini neno hili. Mzee aliyetumia maisha yake kuhesabu nguvu za udongo na mawe, mwishoni anatuambia kwamba rushwa nayo inaua. Bahasha inayopita chini ya meza ya mkaguzi ina uzito, na uzito huo huwaangukia watoto waliolala.

Lakini tujihadhari, wapendwa. Mtu asije akasema, waliokufa walistahili. Mwezi Septemba 2010 tetemeko la 7.1 lilitikisa nchi karibu na Christchurch, New Zealand, na hakuna aliyeuawa kwa kuangukiwa na nyumba. Watu wakashukuru. Mwezi Februari 2011 likaja jingine, dogo kuliko lile lakini karibu zaidi na mji, likaua watu 185, na 115 kati yao walikuwa katika jengo moja tu. Walioingia jengo hilo asubuhi ile hawakuwa wabaya kuliko wengine. Bwana Yesu aliulizwa jambo la namna hii, akawakumbusha watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Alikataa kuwahukumu wafu. Aliwageukia walio hai akawataka watubu.

Basi sisi tulio hai katika nchi ya Nakuru tutafanya nini? Usiku wa tarehe 9 Mei 2018 bwawa la udongo lilipasuka huko Solai, si mbali na Subukia, na watu zaidi ya 40 walikufa. Nchi haikutetemeka usiku huo. Yalikuwa maji baada ya mvua nyingi. Tuliwazika, tukaimba, tukachanga. Hayo ni mema. Lakini mapendo ya Kikristo hayangoji mazishi. Huenda kabla ya maji au tetemeko, na kuuliza maswali.

Wazee wa kanisa, mnapofanya harambee ya kujenga kanisa au shule, tafuteni mhandisi aliyeandikishwa, mkalipe ujira wake, wala msiseme fedha zake zimepotea. Mama wa nyumba mwenye kiwanja kidogo, jenga chumba kimoja imara kuliko vitatu vya mashaka. Mkaguzi, ukikataa bahasha leo huenda hakuna atakayekusifu, kwa maana watu uliowaokoa hawatajua kamwe kwamba waliokolewa. Kijana unayesoma hesabu usiku na kuchoka, usikate tamaa. Huenda Mungu anakuandaa uyalinde maisha ya watu usiowajua.

Nanyi mlio wazee, wasimulieni wajukuu wenu yaliyotokea katika nchi hii. Onyesheni ufa ulipopita, na maji yalikofika. Taifa la Israeli lilihesabu miaka kwa tetemeko lao, na habari hiyo ikawa onyo na hekima kwa waliokuja baadaye.

Na tuombe.

Ee Mungu, uliyeiumba milima na mabonde, tunakushukuru kwa walimu uliotupa, wanaotufundisha kutazama na kukumbuka. Wafariji waliofiwa huko Solai na kila mahali. Mpe fundi mkono mwaminifu, mpe mkaguzi moyo usionunulika, na wenye mamlaka uwape hofu ya jina lako. Weka timazi yako katikati yetu, uanze na nyumba zetu na mioyo yetu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.