Merikani na Wamarekani
(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa)



Nimeombwa niseme machache juu ya masomo yangu ya ng'ambo. Somo langu kuu lilikuwa uhandisi, nalo leo naliacha. Nitasema juu ya somo langu dogo la pili, yaani Taaluma ya Marekani. Somo hilo halina mwalimu mmoja. Mwanafunzi huchukua kozi chache kwa mwanahistoria, kwa mchumi, kwa mwanasheria na kwa mwalimu wa fasihi, na kote huko hufuata swali moja: Mmarekani ni nani?

Chukueni mfano wa merikani, kitambaa walichokijua bibi zetu. Mwanahistoria atawaambia kwamba Marekani ilifanya mkataba na Sayyid Said mwaka 1833, na konsuli wake akaanza kazi Unguja mwaka 1837. Kitambaa kilifumwa New England, kikaletwa na majahazi ya Salem, kikanunua pembe za ndovu huku bara. Mchumi atauliza: pamba ilichumwa na nani? Ilichumwa na watumwa weusi wa kusini. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka 1861, pamba iliadimika, na vitambaa vya Uingereza na Bara Hindi vikashika soko letu. Hivyo mtumwa wa Mississippi na mnunuzi wa Tabora walifungwa kwa uzi mmoja, wala hawakujuana.

Mwanasheria naye ana yake. Tamko la Uhuru la mwaka 1776 lilisema watu wote wameumbwa sawa. Katiba ya mwaka 1787 ikahesabu watumwa watano kuwa watu watatu. Mwaka 1857 Mahakama Kuu ikaamua kwamba watu weusi wenye asili ya utumwa hawawezi kuwa raia. Marekebisho ya 14 ya mwaka 1868 yakaitengua hukumu hiyo. Hata hivyo, wenyeji wa asili wa nchi ile hawakupata wote uraia hadi mwaka 1924. Katika fasihi tulisoma hotuba ya Frederick Douglass ya tarehe 5 Julai, 1852, aliyewauliza wazungu wa Rochester sikukuu yao ya uhuru ina maana gani kwa mtumwa.

Vijana, ninyi wa mchepuo wa sayansi huambiwa kwamba historia ni kupoteza wakati. Msikubali. Mhandisi ajuaye mashine peke yake angevisifu vile viwanda vya nguo, asiulize pamba imetoka mikononi mwa nani. Na swali hilo tulirudishe nyumbani: katika kazi zetu na katika vijiji vyetu, ni nani tunayemhesabu pungufu ya mtu mzima?